Siku Niliyompungia Mkono Mama Rasoa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoamka na furaha isiyo na adabu. Nilikuwa kijana, nakaa chumba cha kupanga Kiplombe, na ndiyo kwanza nilikuwa nimejinunulia pikipiki. Ilikuwa kuukuu, ikitoa moshi kama jiko la kuni mbichi, lakini ilikuwa yangu. Sisi tuliotoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi Eldoret hatukuzoea kumiliki kitu chenye ufunguo.

Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Usicheke. Ilikuwa miaka ile ya maziwa ya Nyayo, yale serikali iliyogawa shuleni, na kila mfugaji alitaka ndama wa gredi, wa maziwa mengi. Simu za mfukoni hazikuwepo, kwa hiyo ng'ombe wako akiwa kwenye joto, yaani akitaka ndume, ulifunga leso kwenye nguzo ya geti. Nikipita na mtungi wangu wa mbegu za ndume, nikiona leso, naingia. Joto la ng'ombe halina subira. Likipita, unangoja wiki tatu nyingine.

Siku hiyo nilikuwa nimeazimia kwenda mbuga ya Mlima Elgon, peke yangu, nikaone ndovu. Mtungi niliufunga nyuma kwa mazoea tu. Kufika Soy, nikaona leso nyekundu kwenye geti la Mama Rasoa, mjane kutoka Bungoma, naye amesimama kando yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa amekosa kushika mimba mara mbili. Kijana wake, Wafula, alikuwa ameapa kwamba mara hii ng'ombe asiposhika, anaenda bucha. Hayo yote niliyajua. Nikapiga honi, nikampungia mkono kama mbunge, nikapita.

Nilijiambia nitamhudumia jioni. Uongo mtupu! Leso ilikuwa imelowa umande, imefungwa tangu jana; jioni ningekuta joto limekwisha.

Sitakudanganya kwamba safari ilikuwa mbaya. Ilikuwa tamu mno. Askari wa getini alinionya juu ya nyati, akanifungulia. Barabara ya udongo mwekundu ilipanda katikati ya miti ambayo watu watano wakishikana mikono hawaizunguki, na mbega wakiruka juu ya kichwa changu. Juu zaidi kulikuwa na mianzi, kisha uwazi wenye baridi, na mashamba ya mahindi ya Kitale yote yamelala chini yangu. Ndovu sikumwona. Nilikuta mavi yake tu katikati ya barabara, bado yanafuka moshi, nikageuza pikipiki bila kuambiwa na mtu. Niliteremka nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti yangu mbaya.

Saa kumi jioni nikafika Soy. Mama Rasoa alikuwa ameketi kwenye kigoda, na ng'ombe amefungwa tayari kando yake, ametulia kimya. Joto lilikuwa limepita.

"Karibu, daktari," akasema. "Hata chakula sijapika. Niliogopa utapita nikiwa jikoni."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kutafuta maneno, nikajikuta nimesema ukweli wote, mpaka mavi ya ndovu. Nikangoja matusi.

"Huko juu ni kuzuri?" akauliza.

"Kuzuri sana, Mama."

"Sasa sikiza. Mimi sikasiriki juu ya kutembea, kijana lazima atembee. Nakasirika juu ya hiyo mkono ulinipungia. Ungesema hauna nafasi, ningepeleka ng'ombe kwa ndume ya jirani. Lakini ulinipungia, nikajua unarudi. Umenifunga hapa siku mzima pamoja na ng'ombe."

Kesho yake Wafula alikuja na kamba. Nilikuwa nimefika kabla yake, nimevaa suti ya kanisani, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba kosa ni langu, ng'ombe hana hatia. Nikamwomba nafasi moja tu. Akaikunja kamba yake.

Wiki ya tatu nilipita pale kila asubuhi na kila jioni, leso iwepo isiwepo. Ng'ombe akashika. Alipozaa ndama jike, Mama Rasoa alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Kisha akanigeukia: "Sasa nipeleke huko juu."

Nikampeleka! Alikaa nyuma, amekaza kitambaa kichwani, akipiga kelele kila kona. Ndovu watatu walipovuka barabara mbele kwa mbali, alinibana kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa barabara ileile na mlima uleule, lakini siku ile ya kwanza sikufurahi hata nusu ya hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kwenda, nenda. Dunia ni nzuri na mgongo wako bado mzima. Ila kabla hujawasha injini, mkumbuke anayekungoja. Kama utafika, mwambie saa, na ufike. Kama hutafika, mwambie hapana, hata kama atanuna. Aliyeambiwa hapana anaweza kupanga siku yake upya, lakini aliyepungiwa mkono atakaa pale akiangalia barabara.

Mungu akupe safari nyingi na matairi mazuri, na uendako akupe watu wanaofurahi kusikia mlio wa pikipiki yako. Amina.