Nilimpandisha baba Heru Juu, makao ya zamani ya Mwami, akagoma kushuka

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii si chai ya kutunga. Ni jambo la nyumbani kwetu, na baba mwenyewe ameniruhusu nilisimulie mradi nisiseme kwamba alikuwa anahema.

Alikuwa anahema.

Sisi ni wa Busunzu, Kibondo. Baba kaendesha malori maisha yake yote. Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Hospitali wakamhudumia vizuri, mguu ukaanza kurudi, wakasema sasa kazi imebaki moja, atembee.

Akagoma. Kutwa yuko kitini, redio sikioni. Mama akimsihi, anajibu, "Nitembee niende wapi?"

Mimi naishi Dodoma. Niliporudi likizo nikakuta mguu umeanza kukonda. Mama akaniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, huyu tunampoteza hivi hivi amekaa."

Sasa baba ana rafiki yake, Mzee Salum, muuza vitenge pale Kasulu mjini. Hawa wawili wana ubishi wa tangu ujana. Baba anasema ukisimama Heru Juu, kule alikokuwa anakaa Mwami, mtawala wa Waha, unaiona milima ya Burundi. Mzee Salum anasema huoni kitu zaidi ya mihogo ya watu.

Na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda.

Nikampigia Mzee Salum nikamweleza hali. Akasema, "Mlete. Nitamchokoza mpaka apande."

Tulipofika Kasulu alikuwa kashakodi Probox. Ikatupeleka hadi pale mvua ilipokata barabara. Kilichobaki ni miguu.

Baba akakiangalia kilima, akaniangalia mimi. "Nendeni, nitawasubiri kwenye gari."

Mzee Salum hata hakugeuka. "Sawa. Nikirudi nitakwambia nimeona mihogo, na utakubali, maana hukuwepo."

Baba akafungua mlango.

Tulipanda mdogo mdogo. Fimbo mkono wa kulia, mimi kushoto. Mzee Salum naye magoti mabovu, basi wakawa wanapokezana kuomba kupumzika, kila mmoja akisema anamwonea huruma mwenzake.

Juu tukamkuta mama mmoja anapalilia maharage. Baba akamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye." Yule mama akaacha jembe, akatuonyesha miti mikubwa ya zamani, akasema boma la Mwami lilikuwa hapo. Bibi yake alimsimulia kuwa ngoma zikipigwa pale, walioko mabondeni wanasikia.

Wakuu, shuleni nimekariri wafalme wa Ulaya, huyu wa kwetu sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani. Hakuna geti wala kibao. Ila ukisimama pale na ule upepo, unaelewa kwa nini mtu alichagua kutawala kutokea hapo.

Burundi je? Ukungu mtupu. Hata mihogo hatukuiona.

Wazee wakatazamana, wakaanza kucheka. Baba alicheka mpaka fimbo ikamdondoka, akainama akaiokota mwenyewe. Nikageukia pembeni nikajifanya napiga picha.

Nikasema tushuke, mvua hiyo inakuja. Baba akakaa chini ya mti. "Sishuki mpaka ukungu uondoke."

Tukanyeshewa wote watatu. Yule mama akatukaribisha kwake, tukala ugali wa muhogo na maharage tukiwa tumelowa chapachapa, wazee bado wanabishana.

Wiki iliyopita mama kanipigia analalamika. Baba kaondoka asubuhi kwa miguu kwenda gulioni bila kuaga, chai imepoa mezani. Nikamuuliza kama nimpigie nimseme.

"Muache," akasema. "Nimepiga tu ili na wewe usikie."

Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa kumwambia tembea haitoshi. Mtafutie pa kwenda, na mtu wa kubishana naye njiani.

Mwenye mzazi aliyepitia kiharusi, tuambie nyie mlifanyaje. Na kama kwenu kuna kilima chenye historia na hujawahi kukipanda, kitaje hapa, labda mwenzio anatafuta pa kumpeleka mzee wake.