Mbuzi wa Majaribio na Mahari ya Mpofi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula nyeupe niliyopewa misheni nilipomaliza shule, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imegeuka rangi ya zizi. Hiyo ilikuwa katika kituo cha utafiti cha milimani, si mbali na Kashuga, miaka ile ya arobaini ambapo vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha lakini sukari ilikuwa bado haijarudi madukani. Nilidhani nimeajiriwa kuandika, maana mwandiko wangu ulisifiwa shuleni. Bwana Agronome, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa mkuu wa kituo, hakunipa kalamu. Alinionyesha mbuzi mweupe akaniambia nimlete kwenye mzani.

Nilimshika pembe, naye akaniburuta kwenye matope mbele ya wafanyakazi wote. Bwana Agronome alisubiri nisimame, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Pembe hapana. Kamata muguu ya nyuma." Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza la utafiti, na kusema kweli sijapata jingine lililonifaa zaidi.

Vijana wa leo wakisikia "utafiti" wanafikiria chupa na makoti meupe. Sisi tulikuwa na gunia lenye matundu manne. Mbuzi aliingizwa humo, miguu ikatokea chini, gunia likatundikwa kwenye mzani wa kuning'iniza, na mmoja wetu akasoma uzito kwa sauti. Mbuzi akitulia, ulisoma mara moja. Asipotulia, ulisoma huku umemkumbatia, na jioni mkeo alijua ulikotoka kabla hujafungua mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini huko, upande wa Rutshuru, kuna tambarare ambako kiangazi hukausha majani hadi yanavunjika mkononi. Wakubwa walitaka mbuzi wa kuishi huko. Walileta mabeberu wakubwa kutoka nchi kavu za mbali, wanyama warefu wa miguu na wavivu wa kunywa maji, wakawapandisha kwa majike madogo ya kwetu, ambayo hayaugui ovyo. Watoto wao tuliwaita chotara. Chotara akishaachishwa ziwa, alitobolewa sikio na kuvikwa hereni, yaani kipande cha bati chenye namba, kisha akasubiri lori la kumpeleka tambarare akajaribiwe kwa jua na kiu.

Watu wa kwetu walicheka sana. Mbuzi wa jua kali wanatafutwa huku kwetu Masisi, mahali ambapo nguo hukaa kambani wiki nzima bila kukauka. Na mabeberu wenyewe hawakufurahi. Kwato zao zilioza kwa unyevu, tukawa tunazipunguza kwa kisu na kuzipaka dawa ya buluu, na minyoo iliwala matumboni. Bwana Agronome alisema hiyo si kitu, beberu anatakiwa kuacha mbegu tu. Niliwahurumia, lakini huruma haikuwa sehemu ya kazi yangu.

Baada ya miaka kadhaa nilipandishwa cheo kuwa moniteri, yaani msimamizi wa wafugaji vijijini, nikahamishiwa Kashebere, mpakani mwa Masisi na Walikale, penye barabara ya wachuuzi. Mkuu wangu mpya alikuwa Bwana Veterineri, daktari wa mifugo, mtu mwembamba wa kiko, asiyepaza sauti. Tulimwogopa zaidi kwa sababu hiyo. Mazizi ya kituo yalikuwa hayatoshi, kwa hiyo majike kadhaa, pamoja na beberu mmoja, walikuwa wamewekwa kwa wenyeji ili wachungwe huko. Waliwekwa kabla sijafika. Aliyekuwa na wengi zaidi alikuwa Papa Bauma, mkulima wa maharagwe na mihogo, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, mtu safi ambaye zizi lake lilifagiliwa kuliko nyumba za wengine.

Sasa hapa lazima nieleze desturi. Kwetu, mtu mwenye mbuzi wengi huweka baadhi kwa jirani. Jirani anachunga. Mtoto wa kwanza atakayezaliwa ni wa mwenye mbuzi, wa pili ni wa mchungaji, na hakuna anayekaa kuwaeleza watu jambo hilo kama vile hakuna anayewaeleza kwamba ugali huliwa. Bwana Veterineri hakusema lolote kuhusu watoto wa mbuzi, kwa kuwa kwake ilikuwa wazi kwamba wote ni mali ya kituo. Papa Bauma hakuuliza, kwa kuwa kwake pia ilikuwa wazi.

Basi jike moja likazaa. Papa Bauma akampeleka kituoni yule mtoto wa kwanza, mbuzi akapokelewa, mzee akaondoka zake. Likazaa tena, safari hii chotara jike mzuri mwenye baka jeusi shingoni. Karani wa kituo akapita akamvika hereni kama kawaida, na Papa Bauma akaona ni pambo tu. Wakati huo kijana wake Sebastiani alikuwa ameposa binti wa kijiji cha Mpofi, ndani ya Walikale, jina lake Vumilia. Mahari ilikuwa imepungua mbuzi mmoja. Mnaona tulikoelekea.

Lori la tambarare lilipokaribia kuja, Bwana Veterineri alitaka chotara wote. Nilikwenda kwa Papa Bauma kumchukua yule mwenye baka, naye akaniambia kwa uso mkunjufu kabisa kwamba mbuzi yuko Mpofi, kwa wakwe wa Sebastiani, na kwamba harusi ilifungwa kanisani na ilipendeza. Nilikaa kwenye kigoda nikaomba maji. Nilimpenda mzee yule, na nilijua kwamba kwa kosa la mali ya serikali mtu alichapwa viboko hadharani, hata akiwa na mvi.

Nilipomweleza Bwana Veterineri, alitoa kiko mdomoni. Akaniambia ule ni wizi, nimlete mbuzi, na habari ya Bauma itafuata baadaye.

Nilitembea hadi Mpofi kutwa nzima, barabara ikiingia msituni na kutoka. Baba yake Vumilia, Papa Mukanirwa, alikuwa mkulima na mwindaji, mtu mkubwa wa mabega na mpole wa maneno. Alinipa ndizi na nyama ya porini, akaningoja nile nishibe. Kisha nikasema kilichonileta. Mbuzi alikuwa amefungwa pale pale kando ya jiko, hereni ikimeremeta sikioni.

"Kamba iko pale, fungula," akasema Papa Mukanirwa. "Lakini hautarudia huku mikono butupu. Pitia kwa Bauma, uniletee mutoto yangu. Mbuzi ikitoka hapa, ndoa njo imetoka."

Nilimuuliza kama angekubali mbuzi mwingine badala yake. Akanieleza kwa upole kwamba mbuzi wa mahari huonyeshwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na akibadilishwa lazima maneno yaanze upya tangu mwanzo. Wakati maneno yanaendelea, binti hukaa kwa baba yake. Na Vumilia alikuwa tayari na mimba. Akirudi, mtoto angezaliwa kwa nani? Hilo hakuniuliza kwa hasira, aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nikarudi bila mbuzi. Msinidhanie shujaa, nilikuwa nimepima mambo mawili ya kuogopa, nikachagua lililokuwa mbali kidogo. Lakini njiani nilipita kwa Papa Bauma, nikamkuta Vumilia mwenyewe akipura maharagwe uani. Habari ilikuwa imenitangulia, kama kawaida ya habari mbaya. Aliacha kupura. Hakulia wala kunilaumu. Aliuliza tu, "Papa moniteri, nifunge bintu byangu leo, ao ningoje?" Nikamwambia angoje. Usiku ule sikupata usingizi, maana nilikuwa nimeahidi kitu ambacho hakikuwa changu.

Asubuhi nilimweleza Bwana Veterineri yote, desturi ya mtoto wa kwanza na wa pili, wazee, mimba. Nilitegemea anifukuze. Alivuta kiko muda mrefu, kisha akasema tuchukue mzani, tutakwenda Mpofi kwa kamionete, gari dogo la kituo, na Bauma aje pia.

Watu wa Mpofi walitoka wote kuangalia. Bwana Veterineri hakusalimia mtu. Tulimwingiza mbuzi kwenye gunia, nikasoma uzito, na Bwana akamkagua kwato, meno na ufizi. Alikuwa mbuzi mwenye afya. Ndipo akamgeukia Papa Bauma akamuuliza ni nani alimpa ruhusa ya kutoa mali ya kituo.

Papa Bauma alivua kofia. "Mbuzi ya kwanza yenye ilizala, iko ya mwenyewe. Ya pili iko ya ule anachunga. Ya kwanza nilileta ku posti yenu, Bwana. Mulikamata. Hamukusema neno."

Nilitafsiri, ingawa Bwana alikuwa ameshaelewa. Mbuzi akalia ndani ya gunia.

"Ya pili, njo hii?" akauliza Bwana Veterineri.

"Njo hii."

Bwana akachukua koleo kwenye sanduku la kazi, akalishika sikio la mbuzi, akaikata ile hereni na kuitia mfukoni mwa shati lake. Aliniambia mbuzi huyu ametoka kwenye majaribio. Halafu, kwa sauti ile ile, akamwambia Papa Bauma kwamba majike yote na beberu warudi kituoni siku hiyo hiyo, na hatapewa tena mbuzi wa kuchunga. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alitoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine, na hakuna aliyechapwa.

Tulipokuwa tunafunga mzani, Papa Mukanirwa alinishika bega. Akasema mbele ya watu wote kwamba aliyetembea kati ya nyumba mbili kwa maneno ya mbuzi wa mahari ndiye mshenga, hata kama alitumwa na serikali. "Kuanzia leo, neno yote ya bale batoto itapita kwako." Bwana Veterineri aliniuliza wamesema nini. Nikamwambia wamenipa kazi ya pili, isiyo na mshahara. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Lori lilikuja likachukua chotara wengine, likashuka nao tambarare. Mwaka uliofuata likachukua wengine tena. Bwana Veterineri akahamishwa, akaja mwingine, kisha mwingine ambaye alipenda ng'ombe tu. Mimi nilihamishwa pia, nikarudishwa Kashuga kwenye vitalu vya majani ya malisho, halafu Kashebere tena, nikajifunza kuhasi bila kumwaga damu na kupima mvua kwa chupa. Wakubwa wa Kizungu walipoondoka, niliendelea kidogo chini ya wengine, hadi mgongo uliponikatalia gunia na mzani.

Vijana wananiuliza utafiti ule ulipata nini. Mbuzi wa nchi kavu walipatikana? Sijui. Majibu yaliandikwa mahali pengine na watu wengine, na sisi tuliowabeba mbuzi hatukuletewa hata neno moja. Zamani jambo hilo liliniudhi, na siku nyingine bado linaniudhi.

Kazi ile ya pili, majibu yake niliyaona kwa macho. Vumilia alijifungua salama, akazaa tena na tena. Yeye na Sebastiani waligombana sana, maana wote wawili walikuwa wabishi. Mara ni kwa ajili ya shamba la mihogo, mara ni Sebastiani na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kila mara niliitwa, na kila mara nilitembea hadi Mpofi kuwaeleza wakwe. Ndugu zake Vumilia waliniona nikitokea barabarani wakaanza kucheka kabla sijafika. Walinipa ndizi, tukasema maneno, nikarudi na nasaha za kuwapelekea wale wawili. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote, na sikuomba kuipata.

Msimu wa maharagwe uliopita Vumilia aliugua kifua, na juma halikuisha akafariki. Sebastiani alikuja kwangu mwenyewe, akasimama mlangoni. Kupeleka neno kwa wakwe ni kazi ya mshenga.

Nilikwenda na mjukuu wangu, kwa kuwa peke yangu nisingefika. Papa Mukanirwa alikufa zamani. Ndugu yake Vumilia, ambaye sasa naye ni mzee, alituona tukitoka msituni, akaanza kucheka kama siku zote na kuita watu. "Shenga amekuya! Bamegombana tena!" Watoto wakakimbia kuniletea kigoda, mtu akaenda kutafuta ndizi.

Kwetu mshenga husimama hadi akaribishwe kukaa, isipokuwa aliyeleta habari ya kifo. Mimi nikakaa chini, kwenye udongo, kabla kigoda hakijafika. Ndugu yake Vumilia akaniangalia, na kicheko kikamtoka usoni. Wanawake wakaanza kuvua vitambaa vya kichwa.