Mikonge ya Mpakani

Mikonge ya mpakani niliing'oa mimi. Miaka yote nimesema ni ng'ombe.

Jana nilinunua kamba ya katani sokoni Bunda, na harufu yake ikanirudisha utotoni Butiama, viganja vikiwasha kwa utomvu. Mimi na binti wa jirani tulitaka kamba ya kuruka. Kisu tulikatazwa, kwa hiyo tuling'oa miche mizima, tukaiponda kwa mawe. Baba yake alipoona mpaka hauonekani, akadai baba yangu anamega shamba lake. Baraza la kata likashindwa kuwapatanisha, shauri, kwa sheria ya enzi hizo, likaenda mahakama ya mwanzo. Baba alishinda. Rafiki yangu akakatazwa kukanyaga kwetu.

Siku hizi nafundisha chuoni shauri lipi huanzia wapi. Wanafunzi huandika kila neno langu, mimi shahidi niliyeficha ukweli kote kuwili, barazani na mahakamani.

Jioni nilimpigia rafiki yangu yule.

"Ile mikonge niliing'oa mimi."

Akacheka. "Peke yako? Mimi nilikuwaga nashika nini?"

Nikamwambia nimenunua kamba ya katani.

"Shamba la baba sasa nalima mimi," akasema. "Jumamosi njoo na miche, tupande mpaka. Na hiyo kamba uje nayo. Magoti yananiuma, lakini uje nayo."