Kijani cha Plastiki

Ukimwuliza mtu wa soko la Gikomba kamera ni nini, hatakuambia habari za picha. Kwake kamera ni nguo ile ya kwanza, nzuri kuliko zote, inayochomolewa mara tu robota la mitumba linapokatwa kamba, kabla wateja wa kawaida hawajaingiza mikono yao. Ayuma alikuwa na jicho la kamera. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya soko na kiburi kidogo, tena kiburi cha haki, maana wenzake wenyewe walikiri kwamba robota likifunguliwa wao huangalia mshono na yeye huangalia rangi, na kabla hawajamaliza kuangalia mkono wake umeshafika.

Ndivyo alivyolipata lile gauni la kijani. Halikuwa kijani cha sare za shule wala cha sukumawiki, bali kijani cha parachichi lililokaribia kuiva, nalo lilikuwa na vifungo vya mti kifuani. Kifungo cha juu kilikuwa kimepotea. Ayuma hakuliuza. Alilipeleka nyumbani kwake Mbotela, akatafuta kifungo cha kufanana, akakishona kwa mkono wake na kulifungia gauni sandukuni.

Lilikuwa la kumvika mama yake siku atakapokufa. Mama huyo, aliyeishi kijijini Chavakali, magharibi ya nchi, alikuwa amemwambia siku moja, nusu mzaha nusu kweli, kwamba amevaa matambara tangu azaliwe na hataki kuyavaa kaburini pia. Siku ya kuagwa avalishwe kitu cha kufanya watu wageuze shingo. Ayuma alicheka, akaahidi.

Kifo hakina adabu. Kilipiga hodi Chavakali wakati Ayuma amelala hospitalini, amepasuliwa tumbo kumzaa Marion, hata kuketi hawezi. Safari ya magharibi ilikuwa ndoto. Aliyekwenda ni mumewe, Patrobas, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtu mpole wa maneno matamu. Ayuma aliagiza gauni litolewe sandukuni, likunjwe vizuri, na akamwapisha mumewe asiliachie mtu mpaka aone kwa macho yake mama amevikwa. Hakumwimbia mama yake wimbo hata mmoja, wala hakutupa udongo kaburini. Gauni lile ndilo lililokwenda kuzika kwa niaba yake.

Patrobas alirudi na kaseti ya video, nakala ya nakala, iliyopigwa na kijana mmoja wa kijijini. Alirudi pia na masimulizi.

"Nilisimama hapo hapo kando yao," alimwambia mkewe. "Walifunga vifungo kimoja kimoja. Kile ulichoshona wewe kilikaa juu kabisa, karibu na shingo. Kilimpendeza."

Ayuma alilia, akapoa. Tangu siku hiyo, kila alipozidiwa na uchungu wa kutomzika mama, alimwomba Patrobas arudie habari za vifungo, naye Patrobas alirudia bila kuchoka, kila mara akiongeza chumvi kidogo: mara wanawake walishangilia lile gauni, mara mchungaji mwenyewe alilisifu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na televisheni ndogo, ile isiyo na rangi. Lakini Ayuma, mtu wa rangi, angekubalije kuangalia dunia ya majivu? Alinunua kwa mchuuzi lile karatasi la plastiki lililokuwa likibandikwa mbele ya kioo wakati huo. Juu lilikuwa la buluu, kwa ajili ya anga. Katikati lilikuwa jekundu, kwa ajili ya nyuso za watu. Chini lilikuwa la kijani, kwa ajili ya majani. Kama mtangazaji alikuwa na tai, tai hiyo ilikuwa ya kijani apende asipende. Mtaa mzima wa Mbotela ulijua Mama Marion ana televisheni ya rangi, na aliyebisha hakukaribishwa tena.

Kila mwaka, siku ya kumkumbuka mama, Ayuma alipika chai na mandazi, akamwita Dirie, mwenye duka la kukodisha video, alete mashine yake. Ndugu walikuja, akiwemo mdogo wake wa kike, Khavere, aliyekuwa akiuza njugu huko Majengo. Kaseti iliwekwa. Jeneza lilipoletwa uani, mpiga picha alilipiga kwa mbali na kisha kwa karibu, na siku zote lilikaa sehemu ya chini ya kioo. Kidirisha cha jeneza kilionyesha uso wa mama, na chini ya kidevu chake kipande cha nguo. Kijani.

"Angalieni kamera yangu," Ayuma angesema, akigusa kioo kwa kidole. "Angalieni inavyomkaa."

"Inamkaa, dada," Khavere angejibu.

Mwaka wa tisini na sita Patrobas aliingiza nyumbani televisheni kubwa ya rangi, rangi ya kweli, aliyoinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akihama nchi. Ilibidi mlango wa kabati ung'olewe ndipo ikae. Ile ndogo, pamoja na plastiki yake, ilikwenda kwa jirani, Nzembi, mke wa dereva. Siku ya kumkumbuka mama ilikuwa imekaribia, na Ayuma akasema kaseti ya mama ndiyo itakayoizindua televisheni.

Patrobas akaanza visingizio. Alisema kaseti ni kuukuu na itachafua mashine. Alisema ni afadhali waanze na mpira. Ayuma alidhani ni ubahili wa mtu mwenye kitu kipya, akamcheka. Khavere naye, alipoingia Jumapili hiyo mchana na kuiona ile televisheni, alisema ameacha njugu motoni. Ayuma akamwambia njugu haziungui Jumapili, akamkalisha karibu na mlango.

Dirie akaunganisha nyaya. Watu wakasogeza viti. Picha ilipotokea, wakaanza kuguna. Ilikuwa mbaya. Nyuso zilizokuwa safi kwenye kioo kidogo sasa zilikuwa kubwa kama sinia, zimejaa chenga, pua hazijulikani zinaishia wapi. Mtu akipita alivuta kivuli chake nyuma. Nzembi, ambaye hakujua kuficha neno, alisema ile ndogo waliyompa inaonyesha vizuri kuliko hii. Patrobas aliona aibu. Alikuwa ameibeba televisheni ile mgongoni tangu barabarani, na sasa inamwumbua mbele ya wageni.

"Televisheni haina makosa," Dirie alisema. "Kaseti ni ile ile. Unga wa chapati moja ukiusukuma mpaka uenee meza nzima, si utatoboka? Kile kioo kidogo kilikuwa kinawafichia."

Jeneza likaletwa uani.

Uso wa mama ulikuwa uji mtupu. Ayuma alikaza macho kuutafuta, akaumia kwamba hauoni tena. Lakini rangi haihitaji picha safi. Chini ya kidevu cha mama palikuwa na nguo nyekundu iliyochujuka, nyekundu ya udongo, na Ayuma aliijua kabla hajataka kuijua. Lilikuwa gauni la mama la kanisani, lililoshonwa Ayuma akiwa msichana, lililotiwa viraka kwapani, tambara lile lile ambalo mama aliomba asizikwe nalo.

"Rangi za kaseti zimekufa," Patrobas alisema haraka, hata kabla hajaulizwa. "Mashine inazibadilisha. Dirie, zima."

Ayuma alimwambia Dirie asizime. Alisimama, akakaribia kioo. Nyuma ya jeneza, kwenye picha, palikuwa na migomba ya kwao.

"Dirie, hii migomba ni rangi gani?"

"Kijani, mama."

"Basi kijani inajua kuonekana hapa."

Picha ikahama polepole kutoka kwenye jeneza hadi kwa waombolezaji. Hakuna sura hata moja iliyotambulika. Wote walikuwa madoa. Doa moja, kando kabisa ya kaburi, lilikuwa limevaa sweta jeusi, na chini ya sweta kulikuwa na gauni la kijani cha parachichi. Kwenye ile televisheni ndogo, iliyoonyesha sura, hapo ndipo Khavere alipoonekana kila mwaka, na plastiki ililifanya gauni lake jekundu kama ya wenzake wote. Ayuma aligeuka kutazama mlangoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, na Ayuma, aliyeishi kwa nguo, hakuwahi kufikiri kwamba msemo huo ungemjia mzima mzima namna hii.

Khavere alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikuwa na nguo, dada," alisema. "Nilitoka Majengo na hii hii ya kuuzia njugu. Mama tulimkuta wameshamvika, shemeji gauni bado analo mkononi. Nikaona kumvua ni vibaya. Shemeji akaniambia nivae tu. Nilitaka kukwambia, halafu nikakukuta unasimulia, na umefurahi."

Patrobas alisema alifanya hivyo kwa kumhurumia mkewe, mgonjwa, mwenye mtoto mchanga na kidonda kibichi. Alisema uongo wa kutuliza si uongo. Nzembi alichukua kikombe chake akatoka bila kuaga, akijua kwamba pale si mahali pa jirani.

Ayuma hakupiga kelele, yeye ambaye sauti yake ilisikika Gikomba mzima. "Khavere, gauni ningekupa," alisema. "Ungeniambia siku ile, ningelia siku ile. Lakini mmekaa hapa mwaka baada ya mwaka, mnakunywa chai yangu, mnaniangalia nikigusa plastiki kwa kidole, mnasema inamkaa. Wewe ndiye iliyekukaa."

Akawaambia waende nyumbani. Khavere alisema atalirudisha gauni, na Ayuma akamwambia asithubutu kulileta mlangoni pake.

Wiki ile nyumba ilikuwa na baridi. Ayuma alikwenda sokoni, marobota yakafunguliwa, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulichelewa. Alikuwa akiona rangi na haziamini. Alikumbuka kila mwaka wa mandazi na chai, na ndugu wote waliokuwa mazishini, waliomwona Khavere kwa macho yao amevaa kijani, kisha wakaketi sebuleni kwake wakitikisa vichwa. Alijiona mjinga, na mjinga aliyefanywa mjinga na watu wake mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma kuliko viraka vya mama.

Patrobas, kwa kutaka amani, alifanya alichojua. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Nzembi akaazima ile televisheni ndogo na plastiki yake, akaiweka juu ya ile kubwa, akakodi mashine ya Dirie, akaweka kaseti mwenyewe. Alimwita mkewe kutoka jikoni kwa sauti ya upole.

"Njoo uone, Mama Marion. Sura ya mama imerudi."

Ilikuwa imerudi kweli. Kwenye kioo kile kidogo chenga zote zilikuwa zimekwisha, na mama alilala ametulia, mdomo wake na makunyanzi yake yote mahali pake. Jeneza lilikuwa chini, kwenye majani ya plastiki, na nguo ya mama ilikuwa kijani. Khavere alisimama katikati ya kioo, amevaa nyekundu. Plastiki ilikuwa imewagawia nguo kwa haki kuliko watu walivyofanya.

Ayuma aliketi. Aliangalia mpaka jeneza likafunikwa, na Patrobas, akiona ametulia, akaanza kupumua. Ndipo alipomgeukia mumewe.

"Baba Marion, niambie tena vile walivyofunga vifungo."

Patrobas akainuka, akaenda nyuma ya televisheni akaanza kugeuza eriali huku na huku, ingawa kaseti haihitaji eriali.