Shimizi la Bi Merle

Shangazi yangu Glenys Trewartha alikaa kwenye dirisha la posta ya Moonta, mji wetu wa Australia Kusini, miaka ishirini na tisa, na sikuwahi kusikia mtu akimwita mwongo. Labda ndiyo maana uongo ule mmoja ulimtesa hivyo.

Mwaka huo akina mama wa mjini waliamua kwamba kwenye sherehe za Wakornishi, watu wenye asili ya Cornwall kule Uingereza, hakuna kukodi magauni tena. Kila mmoja ashone nguo zake kwa mkono, kuanzia za ndani kabisa, kama walivyovaa wake wa wachimba shaba waliotuzaa. Shangazi akataka kuanza na shimizi, lile vazi la kitani la chini ya nguo zote. Jirani yake, Bi Merle Hocking, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa nalo moja halisi, la bibi ya mama yake, lililokuja kwa meli kutoka Cornwall. Shangazi akaenda kuliazima achukue vipimo.

Bi Merle alimpa bila kusita. Aliomba jambo moja tu, asilifue.

Akalifua. Vipimo alikuwa ameshavichora, lakini kifuani palikuwa na doa la kutu, na shangazi hawezi kuliona doa akaliacha. Alililoweka kwenye beseni lenye dawa ya kung'arisha nguo, akaenda kumwagilia nyanya. Aliporudi na kulinyanyua, mabega yalibaki mikononi, na kilichobaki kikarudi majini kama mkate uliolowa.

Aliniambia baadaye kwamba alifika hadi kwenye geti la Bi Merle, akiwa na mikono mibichi, akageuka. Vile vipande akavianika na kuvificha kwenye kopo la biskuti. Kisha akalikata shuka lake kuukuu la kitani, ashone jingine la kufanana nalo.

Wiki tano alishona. Viraka vya mraba vinavyotiwa kwapani alivifumua mara nne. Sindano ikimchoma, alijiambia bado haijatosha. Bi Merle alimuuliza juu ya uzio kazi inaendeleaje, akampitishia keki ya zafarani. Shangazi alishindwa kuimeza, akawapa kuku, halafu akajilaumu na kwa hilo. Lilipokwisha alilitia rangi kwa chai, na kifuani akasugua msumari wenye kutu hadi doa likatokea.

Bi Merle, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alilipapasa akaridhika. Alisema atampa mjukuu wake Tamsin siku ya harusi, na akamshukuru shangazi kwa kulitunza. Shukrani hiyo ndiyo iliyomwondolea usingizi.

Siku ya nne alivuka na kopo lake. Mimi nilikuwa jikoni kwa Bi Merle nikibadilisha balbu.

"Merle, lile silo."

"Silo lipi?"

"Shimizi. Nililifua, likaisha. Hilo ulilonalo nimelishona mimi."

Bi Merle akafungua kopo, akapapasa vipande kimoja kimoja.

"Na doa?"

"Msumari."

"Nilikwambia usilifue."

"Uliniambia."

"Wiki tano, Glenys. Wiki tano unakula keki yangu."

"Sikuila. Niliwapa kuku."

Nilijiuma mdomo nisicheke. Bi Merle hakucheka.

"Ungekuja siku ile ile ningekutukana, ningelia, tungekunywa chai. Sasa sijui nikufanye nini."

Alichagua kipande cha shingoni chenye herufi za jina zilizotariziwa kwa uzi mwekundu, akakiweka kwa ajili ya Tamsin. Lile jipya akamrudishia shangazi. "Chukua lako. Umelishona vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi."

Shangazi alilivaa kwenye maandamano ya sherehe, chini ya gauni la pamba. Kila mama aliyelisifu pindo lililochungulia alisimuliwa habari yote, hata msumari. Nilimwomba aache kujitangaza, akasema afadhali watu wajue.

Kila Jumanne wangali wanakunywa chai pamoja. Lakini mwezi uliopita shangazi aliomba kuazima bakuli la kuokea. Bi Merle akajibu hakumbuki ameliweka wapi. Lilikuwa mezani, kati ya vikombe vyao viwili. Shangazi alilitazama, akasema haidhuru, atatumia sufuria.