Mvua Iliyonyesha Chumbani kwa Mama Mkwe Peke Yake

Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Jua linawaka, nguo zangu zimeshakauka kambani.

Lakini chumbani kwa mama mkwe ilikuwa bado inanyesha.

Sitanii. Nilisimama mlangoni kwake na mtoto mgongoni nikaona kwa macho yangu. Mama mkwe amekaa katikati ya kitanda, amefungua mwavuli, anakunywa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ukitaka kuingia, njoo na mwavuli wako. Huu ni wa mtu mmoja."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana niliona begi.

Lile begi lake kubwa la safari, ambalo miaka yote hukaa juu ya kabati, lilikuwa limeshushwa sakafuni. Zipu wazi. Ndani kuna nguo mbili tatu zilizokunjwa vizuri.



Ngoja niwaeleze. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha kazi hapo barabarani. Mtoto wangu bado anatambaa, na anayekaa naye mchana kutwa ni bibi yake. Mama mkwe akiondoka, cherehani naifunika kitambaa na kazi imekwisha.

Na jambo la pili, ambalo wengi hamtaniamini: nampenda. Nyinyi wenzangu mnawakimbia mama wakwe zenu. Mimi wangu nilikuwa tayari kumfunga kamba asiondoke.

"Mama, begi la nini tena?"

"Nimeongea na wifi yako. Nimemwambia nikilowa kitandani mara nyingine tena, naenda kuishi kwake."

Wifi huyo, binti yake wa kwanza, anaishi bara, mbali kabisa na bahari, huko ambako mvua inanyesha kwa adabu. Kila akipiga simu wimbo ni ule ule: "Mama njoo kwangu. Hao wanaume wawili wameshindwa hata na bati."

"Kamwambie mumeo," mama akasema. "Ukishamwambia yeye, kamwambie na mwenzake."

Hapo kwa mwenzake ndipo kwenye kisa chenyewe.

Nyumba yetu ni moja, ndefu, aliiacha marehemu baba mkwe. Kushoto tunakaa sisi. Kulia anakaa shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Katikati kuna chumba cha mama. Paa ni moja, na mbele ya paa, kutoka mwisho hadi mwisho, unapita mfereji wa bati wa kukinga maji. Mafundi wanauita gata.

Mume wangu na kaka yake walikuwa hawasemeshani.

Ugomvi wa shamba? Hapana. Ugomvi wa mwanamke? Heri ungekuwa huo. Waligombana kwa sababu ya ngazi.

Ngazi ya baba yao, ya mbao, ilikutwa siku moja imekatika kipago kimoja. Huyu akasema yule ndiye aliyeivunja. Yule akasema huyu ndiye aliyeivunja. Wote wawili watu wazima wenye ndevu. Tangu siku hiyo salamu zikawa zinapita kwangu.

"Mwambie shemeji yako asiegeshe baiskeli kwenye njia."

Na mtu mwenyewe amesimama hapo hapo, anasikia kila neno.

Basi dhoruba ilipotoka baharini ikalichana lile gata, kila mmoja alitengeneza nusu yake, kwa siku yake, wakati mwenzake hayupo. Misumari iliyoliwa na chumvi wakaing'oa, vishikio vilivyopinda wakavinyoosha, pengine wakafunga waya. Nami nikamshukuru Mungu, nikajua yameisha.

Kumbe.

Nilipotoka chumbani kwa mama nilivuta meza, nikaweka kigoda juu yake, nikapanda kuchungulia.

Jamani.

Shemeji alikuwa ameinamisha nusu yake ili maji yake yaje kwetu. Mume wangu naye ameinamisha nusu yetu ili maji yetu yaende kwao. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama upande wa pili.

Maji yote ya paa zima yalikuwa yanakutana katikati, juu ya chumba cha mama yao mzazi, na katikati hapana tundu wala bomba la kushukia. Yamejaa pomoni. Yakikosa pa kwenda yanarudi nyuma chini ya bati, yanaingia juu ya dari, yanadondoka kitandani taratibu hata mvua ikiwa imeshaondoka.

Nikamweleza mume wangu.

"Mwambie ashushe upande wake," akasema.

Nikaenda kulia nikamweleza shemeji.

"Mwambie ashushe yeye kwanza," akasema.

Nikarudi kwa mama mikono mitupu. Alinisikiliza, akafunga mwavuli, akatoka barazani na sauti ambayo sijapata kuisikia tena.

"Nyinyi wawili! Njooni hapa na paipu ya baba yenu!"

Paipu yenyewe ni ile nyembamba inayoonyesha ndani. Mafundi wa ujenzi mnaijua. Unaijaza maji, mmoja anashika ncha ya huku, mwingine anashika ncha ya kule, hata kama mko mbali. Maji yatasimama usawa pande zote mbili, mnatia alama ukutani, na kazi inaanzia hapo.

Lakini ni kazi ya watu wawili wanaozungumza.

Mama akatoa hukumu. Ncha zote mbili za gata ziwe juu sawasawa, pande zote ziteremkie katikati, katikati patobolewe na bomba lishuke hadi kwenye tangi chini ya dirisha lake. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo wote tutateka maji ya mvua kwake.

"Mkishindwa," akasema, "kesho asubuhi sipo."

Wingu lilikuwa limeshaanza kujikusanya juu ya bahari. Shemeji akapanda ngazi, ile ile, akiruka kipago kisichokuwepo. Mume wangu akapanda meza. Mimi katikati.

"Mwambie apandishe," mume wangu akaanza.

"Shemeji, anasema upandishe."

"Muulize kiasi gani. Kupandisha siyo kipimo."

"Anauliza kiasi gani."

"Mwambie kidole."

"Kidole, shemeji."

"Kidole cha nani? Chake hicho kama mchi, au cha mtu wa kawaida?"

Nikameza mate. "Anauliza kidole cha nani."

"Nimesikia! Mwambie nimesikia!"

Nilikwenda na kurudi, nikarudi na kwenda, mpaka kandambili ikakatika. Upepo ukaanza kuvuma kutoka baharini. Ikawa kila ninalosema linachukuliwa kabla halijafika. Niliposema shusha, shemeji alipandisha. Mume wangu akanifokea mimi. Shemeji akanifokea mimi. Ndani mtoto akalia.

Nikawaambia, "Mimi nimechoka. Nendeni mkatafute tarishi mwingine."

Nikaingia ndani, nikambeba mwanangu, nikaketi karibu na mama dirishani. Begi lilikuwa pale pale. Nilikuwa najua kabisa kwamba nimeshampoteza.



Nje ni upepo tu na bati linagongagonga. Tone la kwanza likaanguka, likafuata la pili.

Halafu tukasikia:

"Wee! Panda!"

Mama akanishika mkono.

"Nimepanda!"

"Panda tena! Unaogopa nini huko juu?"

"Naogopa ngazi uliyoivunja!"

"Tazama maji wewe, achana na ngazi! Shuka kidogo! Kidogo nimesema! Hapo! Hapo hapo, usipumue!"

"Nipigie msumari wa huku, kaka, mikono imejaa!"

Kaka. Mama alifumba macho. Mimi machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Walifanya kazi wamelowa chapachapa, wanatukanana kwa raha zao. Wakatoboa katikati, wakaweka bomba, wakalikaza kwa nati juu kidogo ya dirisha la mama. Mvua ilipoanza kweli kweli, maji yakateremka kutoka kushoto na kulia, yakakutana, yakaingia bombani, yakagonga tangi kwa kishindo.

Nikatazama dari. Kavu.

Nikalitazama begi nikaliambia kimoyomoyo, rudi kabatini kwako.

Laiti ningejua.

Jioni ndugu wawili walikaa barazani bega kwa bega, kila mmoja na kikombe chake. Hawakunyamaza hata dakika. Wakakumbuka utoto wao, wakacheka, wakafika kwenye suala la ngazi.

"Mimi sikuivunja," akasema mume wangu.

"Wala mimi," akasema shemeji. "Unajua nani walikuwa wanaipanda sana? Hawa wanawake. Wanaanika vitu juu ya paa."

"Kweli kabisa!"

Yaani jambo la kwanza walilokubaliana tangu wapatane ni kwamba kosa ni letu. Nikajisemea, haidhuru, mradi wamepatana.

Hapo shemeji akakohoa. "Mama, tumeongea. Tumeona unachoka. Kulea mtoto kutwa nzima siyo kazi ya umri wako. Tumeamua uende kwa dada ukapumzike."

"Tutakusindikiza wote wawili," mume wangu akadakia kwa fahari.

Sufuria ilinitoka mkononi.

Kuna msemo tumeusikia tangu utotoni: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi nilikuwa nimeacha kulima kwangu nikawapatanisha, na sasa wanavuna mama mkwe wangu.

Nilimtazama mama nikitegemea atakataa. Akatabasamu.

"Mmesema vizuri wanangu. Nitakwenda."

Nikainama kuokota sufuria wasinione uso.

"Ila," akaendelea, "siwezi kuacha nyumba inavuja. Ngojeni mvua nyingine. Ikinyesha na gata likashika vizuri, kesho yake naondoka."

Wakakubali. Nani atakataa neno la busara?

Mvua nyingine haikukawia. Pwani hii haijui kukawia. Asubuhi yake nilikuta maji yamemwagika ukutani nje, bomba limeachia pale kwenye kiungo walipokaza nati. Ndani hakujalowa kitu.

"Ni upepo," akasema mume wangu.

"Ni chumvi," akasema shemeji. "Chumvi ya bahari inakula nati."

Wakaleta ngazi. Wakaleta paipu. Walikula hawakula, sijui, lakini siku nzima waliimaliza juu wakipimana na kutaniana. Wakaja chini wamechoka, wana furaha tele.

Dhoruba iliyofuata, kiungo kikaachia tena.

Na iliyofuata.

Wakanunua nati za chuma kisichoshika kutu. Zikaachia. Mume wangu akaanza kutazama video za mafundi wa nchi za mbali. Shemeji akachora ramani. Mama akawa anawapelekea chai na kuwapa pole.

Juzi nikasahau mkasi nyumbani. Nikarudi mchana bila kupiga hodi, nikaingia chumbani kwa mama.

Alikuwa amesimama juu ya kigoda, nusu ya mwili nje ya dirisha, mkono umenyoosheka juu kwenye bomba. Anafungua nati. Mwanangu yuko kitandani anampigia makofi.

"Mama!"

Hakushtuka. Alimaliza kufungua, akashuka polepole, akaitia ile nati mdomoni mwa birika bovu lililokuwa dirishani. Ilipodondoka nikasikia imegonga nati nyingine.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Mama, kumbe ni wewe?"

"Mwanangu, wale nawajua, nimewazaa. Wakikosa cha kutengeneza paani, wataanza kunitengeneza mimi." Akambeba mjukuu wake. "Bara nikafanye nini? Nikatazamane na kuta?"

 Nilimkumbatia pamoja na mtoto, nikalia tena, na safari hii nilikuwa nacheka.

Hebu fikirieni. Mwanzoni alikuwa anaondoka kwa sababu gata linavuja. Sasa hawezi kuondoka kwa sababu gata linavuja. Na wanawe wawili, mmoja na video zake, mwingine na ramani yake, hawajaona chochote cha ajabu.

Begi limerudi juu ya kabati. Cherehani yangu inafanya kazi. Wale mabwana wanasemeshana kutwa, hata ninapotamani wanyamaze.

Funzo langu ni hili: si kila kinachovuja kinataka kuzibwa. Kabla hujapanda ngazi kwenye nyumba ya watu, tazama kwanza nani anakaa pakavu kwa sababu ya lile tundu.

Leo upepo umeanza tena, na bahari imeshabadilika rangi. Mama alinishika mkono nilipokuwa natoka kwenda kazini, akanionyesha vidole vyake. Vimevimba, baridi imemwingia kwenye viungo.

"Zile nati mpya ngumu," akaninong'oneza. "Hivi wewe ukisimama pale dirishani, unafika?"

Nikanyoosha mkono nikajaribu.

Nafika. Bila hata kigoda.