Nilitengeneza breki za dada yangu, wakazimwagia mafuta ya upako

Admin, ficha jina langu, tena uiweke hii leo, maana Jumapili iko karibu na mi nimechoka kukasirika peke yangu.

Mi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mtu wa Uvira, Kongo, naishi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, na mke na batoto. Shule niliachia msingi, sifichi. Lakini gari najua. Kule nyumbani niliendesha lori kwenye milima ya kwenda Bukavu, barabara ambayo ukiangalia chini unaona migongo ya ndege wakiruka. Siku moja breki zilikufa juu kabisa, nyuma nimepakia kreti za bia na wanajeshi wamekaa juu yake. Nilishuka ule mlima kwa vitesi, yaani gia, peke yake. Chini hakuna chupa hata moja ilivunjika, na mwanajeshi mmoja alikuwa bado analala. Waulizeni bantu wa rika langu.

Sasa mtu kama huyo njo anaitwa fundi wa mkono wa laana! Na anayeniita hivyo ni dada yangu wa tumbo moja, ambaye tulivuka mipaka pamoja, tukabaki wawili tu na mama yetu.

Dada na mume wake wana kamionete, pikapu ya zamani. Hiyo gari njo inawalisha: inaleta nyanya kutoka Mponela, na Jumapili inabeba familia kwenda kusali. Juzi juzi breki zikaanza kuzama mpaka chini. Shemeji akaniita: “Kaka, fundi mwingine ni wa nini na we uko?” Nikaenda bure, kwa upendo. Nikaweka gari juu ya mawe, nikatoa magurudumu yote, nikafunga viatu vya breki vipya, vile vinavyobana gurudumu lisimame. Nilivisafisha mpaka ungeweza kula nsima, ugali wa huku, juu yake. Kisha nikapanda minibasi kwenda Old Town, Lilongwe, kutafuta mafuta ya breki, yale yanayopita kwenye mipira kusukuma breki.

Kurudi, nakuta gari iko chini, magurudumu yote yamefungwa. Shemeji anacheka: “Nimekusaidia, kaka, usichoke.” Nikasema aksanti. Nikajaza mafuta, nikatoa hewa, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Pale uani hakuna nafasi ya kukimbiza gari, nikaiendesha polepole, ikasimama. Nikasema kazi imeisha.

Kesho yake tukaelekea Lilongwe, mi kwenye usukani, dada pembeni, batoto wake nyuma. Karibu na Lumbadzi, mbele yetu kabaza, baiskeli imebeba mama na gunia. Nakanyaga breki: gari inateleza kama sabuni. Nakanyaga tena: hakuna kitu! Nikarudisha vitesi mpaka gari ikalia kama ng’ombe, nikamkwepa yule mama, nikaingiza gari kwenye shamba la mahindi, ikasimama yenyewe. Dereva mwingine angeua bantu kumi siku ile. Kwetu sisi, binti mdogo wa dada alivunjika jino tu.

Dada alishuka akilia: “Kaka, umetufanyia nini? Unataka kumaliza ukoo wetu?” Mbele ya watu wa barabarani! Tuliifikisha gari nyumbani kwa kuivuta, nikafungua gurudumu la kwanza. Viatu vyangu vipya vimelowa mafuta. Nikanusa. Si mafuta ya breki. Ilikuwa inanukia marashi, kama kanisani siku ya maombezi.

“Dada, nani alimwaga mafuta huku ndani?”

Akajibu bila haya: “Pasta na bamama ba maombi. Walikuja ulipokuwa Old Town. Magurudumu yalikuwa wazi, tukaona ni Mungu ametufungulia.”

“Kiatu cha breki kikipata mafuta hakishiki tena!”

“Yale ni mafuta ya baraka, kaka. Baraka haiwezi kuharibu gari. Labda ni mkono wako.”

Na Jumapili ile pasta akasimama akahubiri juu ya “fundi makanisie fulani mwenye mkono wa laana, anayefungua vitu vilivyopakwa na watumishi wa Mungu”. Kanisa zima likanigeukia. Mke wangu aliinama. Mi nilitoka nje kabla mahubiri hayajaisha.

Kwa sababu ya batoto nilirudia kazi yote. Nikanunua viatu vingine, nikafunga, nikaijaribu barabarani mara nyingi. Breki zinashika kama meno ya mbwa. Sasa Jumapili hii kuna harusi Lilongwe, gari itabeba familia yote, na mama yetu atakaa mbele. Na pasta amesema kabla ya safari lazima magurudumu yafunguliwe, yapakwe tena, maana mara ya kwanza baraka ilizuiwa na kutoamini kwangu! Nilimuomba kwa heshima: “Pasta, paka usukani. Paka milango. Nipake mimi mwenyewe kichwani.” Akasema: “Ugonjwa uko kwenye gurudumu, dawa itaenda wapi?” Bamama wakapiga makofi.

Nikachukua funguo za gari nikaondoka nazo. Jana dada akaja mlangoni kwangu, hakutaka hata kuingia. “Rudisha funguo, ama usahau kama una dada.” Nikamwambia mama aamue. Mama akasema: “Mwanangu, mimi nitakaa mbele tu, Mungu atashika.”

Ndugu zangu, nikirudisha wataifungua, wataimwagia, na kwenye ile barabara safari hii sitakuwa mi kwenye usukani. Nikikataa, sina dada tena, na kanisa lote litasema mi ni mchawi wa magari. Kesho asubuhi shemeji anakuja kuchukua funguo. Mnisaidie, nimjibu nini akigonga mlango?